CHARLES PONZI NA MILANGO YA JELA

Jina la Ponzi hutajwa kila mara watu wanapotapeliwa hela kwa ahadi ya faida kubwa. Wengine hudhani ni jina la kampuni. La hasha! Alikuwa mtu, mzaliwa wa Lugo, Italia, mwaka 1882. Alifika Boston, Marekani, mwaka 1903 akiwa na dola mbili na nusu tu mfukoni.

Kifungo chake cha kwanza kilikuwa Kanada. Alighushi hundi mjini Montreal, akahukumiwa miaka 3 mwaka 1908, lakini akaachiliwa mapema kwa tabia njema. Haikuchukua muda akanaswa akivusha wahamiaji mpakani kinyemela, akafungwa tena, safari hii Atlanta.

Mwaka 1920 ndipo alipovuma. Huko Boston aliwaambia watu kwamba ananunua kuponi za posta Ulaya kwa bei ya chini, kisha anazibadilisha Marekani kwa stempu za bei ya juu. Ukimpa dola 100, baada ya siku 45 anakurudishia 150. Basi watu wakapanga foleni, wengine wakaweka nyumba zao rehani. Kumbe kuponi zenyewe karibu hakuna! Aliyetangulia alilipwa kwa hela za aliyefuata. Hapa Asembo Bay kina mama wauza samaki nao huzungushiana pesa kwenye chama, lakini kila mmoja anajua leo ni zamu ya nani na hela zimetoka kwa nani. Ponzi alilificha hilo.

Agosti 1920 mambo yakafichuka, na benki kadhaa zikaanguka pamoja naye. Alikiri kosa la kulaghai kwa njia ya posta, akapewa miaka 5. Alitumikia mitatu na nusu tu, akatoka 1924. Waliompa hela waliambulia kama theluthi moja hivi, tena baada ya kungoja miaka. Hapo ndipo mimi huudhika. Yeye alipunguziwa kifungo, lakini aliyeweka nyumba rehani nani alimpunguzia deni?

Jimbo la Massachusetts nalo lilimhukumu mwaka 1925. Akiwa nje kwa dhamana alikwenda Florida kuuza viwanja, vingine kinamasi kitupu! Akatoroka, akakamatwa New Orleans, akarudishwa jela hadi 1934, kisha akafukuzwa kwenda Italia. Mkewe, Rose, alibaki Boston na baadaye wakaachana.

Ponzi alifariki Januari 1949 katika hospitali ya maskini mjini Rio de Janeiro, Brazili. Hela alizoacha zilitosha mazishi tu.