Hans Meyer na Kilele cha Kibo: Maisha ya Mtu Mmoja na Kazi ya Wengi

1.0 Utangulizi

Habari ya kupandwa kwa Mlima Kilimanjaro mara nyingi huelezwa kwa sentensi moja fupi, kwamba Hans Meyer aliupanda mwaka 1889. Kisarufi sentensi hiyo haina dosari: kiambishi cha nafsi ni a-, yaani nafsi ya tatu umoja, na mtenda ametajwa kwa jina. Kihistoria, hata hivyo, umoja huo unaficha mengi. Makala haya yanakusudia kusimulia kwa muhtasari maisha ya Meyer, na kuonyesha kwamba jambo lililomfanikisha katika safari yake ya tatu, baada ya kushindwa mara mbili, lilikuwa ni mpangilio wa kazi ya watu wengi. Nia yetu si kumnyima sifa aliyoistahili. Nia ni kuliuliza upya swali la mtenda.

2.0 Malezi na Elimu

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeasisi kampuni ya uchapaji iliyojulikana kama Bibliographisches Institut, maarufu kwa ensaiklopidia iliyobeba jina la ukoo huo. Mwaka 1874 kampuni ilihamia Leipzig, na mji huo ndio uliokuwa makao ya Meyer kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Baada ya masomo ya chuo kikuu alizunguka dunia, akafika India, Ufilipino na Marekani, kisha akarejea na kuingia katika uongozi wa kampuni ya familia.

Mambo mawili ya malezi hayo yafaa kuzingatiwa. Kwanza, Meyer alikuwa na mali ya kugharimia safari zake mwenyewe. Pili, alikuwa mchapaji: aliloliona aliweza kuliandika, na aliloliandika aliweza kulichapisha. Waliobeba mizigo yake hawakuwa na uwezo huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tuyajuayo kuhusu safari ya 1889 yametoka katika kalamu ya mtu mmoja.

3.0 Majaribio Mawili Yaliyoshindwa

Meyer hakuwa mgeni wa kwanza kuvutwa na mlima huo. Mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji yake mwezi Mei 1848, na wataalamu kadhaa wa Ulaya wakakataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima mwaka 1862, na Charles New akafika kwenye theluji mwaka 1871.

Mwaka 1887 Meyer alijaribu kwa mara ya kwanza. Alifika kwenye ukingo wa barafu ya Kibo, akakuta ukuta asioweza kuupanda. Hakuwa na zana za kufaa wala mwenzi mwenye ujuzi wa kupita juu ya barafu, na ilimlazimu kurudi.

Jaribio la pili, mwaka 1888, lilishindwa kabla mlima haujakaribiwa. Meyer na mwenzake Oscar Baumann walikuwa Usambara wakati watu wa pwani walipoinuka kupinga utawala wa kampuni ya Kijerumani. Msafara ulisambaratika. Wazungu hao wawili wakakamatwa, wakafungwa minyororo, na wakaachiliwa baada ya kulipwa fidia kwa Abushiri bin Salim. Tukio hilo ladhihirisha kwamba njia ya kwenda kileleni ilianzia pwani, na kwamba ilikuwa wazi kwa kadiri wenyeji walivyoridhia au kushindwa kuizuia.

4.0 Safari ya 1889

Katika safari ya tatu Meyer alikuwa amejifunza. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, aliyekuwa miongoni mwa wapandaji hodari wa milima ya Alps. Kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea katika pwani ya Wajerumani, walipitia Mombasa na Taveta hadi Marangu, ambako Mangi Marealle aliwapokea. Bila ya ukarimu wa Mangi kusingekuwapo chakula wala mahali pa kuweka kambi.

Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, na msamiati wa kazi hiyo ulikuwa umekwisha kukomaa katika njia za biashara ya bara: wapagazi waliobeba mizigo, mnyapara aliyewasimamia, kirangozi aliyetangulia njiani, na posho iliyogawiwa kila mmoja. Meyer hakuubuni mfumo huo. Aliukuta, akaukodi, na kuuelekeza juu badala ya kuuelekeza bara.

Hapo ndipo ulipo ufumbuzi wa tatizo la 1887. Mpandaji aliyelazimika kushuka hadi vijijini kila chakula kilipokwisha hakuweza kukaa juu muda wa kutosha kuitafuta njia. Safari hii kambi kuu iliwekwa Marangu, nyingine ikawekwa juu ya msitu, na ya tatu kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Wapagazi walipanda na kushuka kati ya kambi hizo wakipeleka chakula. Katika kambi ya juu alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiilinda katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea. Kwa mpangilio huo Meyer na Purtscheller waliweza kukaa juu kwa zaidi ya wiki mbili, na kurudia palipowashinda.

Kurudia huko ndiko kulikoleta ushindi. Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku, wakakata ngazi katika barafu kwa shoka, na kufika kwenye ukingo wa kreta wakiwa wamechoka. Walipoona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbali, wakashuka. Tarehe 5 walilala pangoni, karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba 1889, wakizifuata ngazi zile zile, walifika kileleni. Meyer akasimika bendera ya Ujerumani na kukiita kilele hicho kwa jina la Kaizari Wilhelm.

5.0 Baada ya Kilele

Meyer aliteremka na jiwe kutoka kileleni, na kipande chake akamtunukia Kaizari, aliyekiweka katika ukuta wa jumba lake la Neues Palais huko Potsdam. Mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro na kukuta barafu imepungua kwa kiasi cha kuonekana. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiandika hali hiyo, na vipimo vya baadaye vimeithibitisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lilitoweka. Mwaka 1903 alikwenda Ecuador kuchunguza volkano za Andes, na mwaka 1911 akasafiri katika nchi za Rwanda na Burundi. Kitabu chake juu ya Warundi kilitoka mwaka 1916.

Mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Baada ya miaka michache tu makoloni hayo hayakuwapo tena, na Kaizari mwenyewe akawa uhamishoni. Meyer alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929. Jina alilolitoa lilidumu hadi uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, ambapo mwenge na bendera ya taifa viliwekwa kileleni na kilele chenye mita 5,895 kikaitwa Uhuru.

6.0 Suala la Mtenda

Katika kuadhimisha miaka 100 ya safari hiyo, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Kitabu cha Meyer hakimtaji miongoni mwa waliofika kileleni. Aidha, mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1889 angekuwa na miaka 125 mwaka 1996, mwaka aliofariki Mzee huyo. Kwa upande mwingine, ukimya wa kitabu cha mwajiri si ushahidi tosha kwamba mtumishi hakuwapo.

Mjadala huo una uzito wake, lakini una mtego pia. Kuliondoa jina moja na kuweka jingine mahali pake ni kuuacha umoja kama ulivyo. Tunaendelea kutafuta mtu mmoja wa kuibeba a-, ilhali habari zenyewe, hata zilivyoandikwa na Meyer, zinadai wa-. Wawili ndio waliozikata ngazi za barafu, lakini walizikata kwa nguvu ya chakula kilichopandishwa na wengine.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Meyer yanaonyesha mtu mwenye elimu, ustahimilivu na uwezo wa kujisahihisha, na pia mtumishi mwaminifu wa dola iliyokuwa ikiitwaa nchi ya wengine. Sifa zote mbili ni zake. Utaratibu wa 1889 haujatoweka: mgeni anayepanda Kilimanjaro hadi leo hupanda kwa siku kadhaa, kambi kwa kambi, akiongozwa na kiongozi mwenye leseni na kubebewa mizigo na wapagazi. Akifika, cheti cha kufika kileleni huandikwa jina lake. Kwa mtafiti wa historia na wa lugha, kazi iliyobaki ni kuandika pia majina ya wale wengine, kila yanapopatikana, na kila yasipopatikana kutumia walau kiambishi cha wingi.