Duke Kahanamoku: Aliyeyajua mawimbi, akaokoa watu wanane kwa ubao wake

BUKAVU – Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu wanajua namna maji yanavyoweza kugeuka. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na makumi ya watu wakafa huku wengine wakitazama kutoka ufukweni. Miaka 99 kabla ya hapo, boti nyingine ilipinduka karibu na nchi kavu, huko Marekani. Siku hiyo ufukweni alikuwapo Duke Kahanamoku.

Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1890 mjini Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, akakulia Waikiki. Huko, chini ya maji, kuna miamba ya matumbawe.

Mawimbi ya Kivu yanaletwa na upepo wa hapa hapa: ni mafupi, na upepo ukitulia, nayo hayakawii kutulia. Mawimbi makubwa ya Waikiki yanazaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa dunia, hasa kati ya Mei na Septemba, na kusafiri maelfu ya kilomita. Yakifika kwenye mwamba, kina kinapungua, wimbi linapunguza mwendo, linasimama, kisha linavunjika. Wenyeji wa Hawaii waliteleza juu yake kwa mbao tangu zamani. Duke alijifunza mapema kuangalia upepo unatoka wapi, maji yamejaa au yamekupwa, na wimbi litavunjikia wapi.

Alikuwa pia muogeleaji wa mbio. Mwaka 1911, kwenye bandari ya Honolulu, alivunja rekodi ya dunia, lakini wakubwa wa mchezo huo Marekani wakakataa kuitambua. Mwaka uliofuata aliwajibu kwa medali ya dhahabu ya mita 100 katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Mwaka 1920 alishinda tena Antwerp, Ubelgiji, nchi iliyokuwa ikiitawala Kongo. Mwaka 1924, mjini Paris, alikuwa wa pili nyuma ya Johnny Weissmuller, ambaye baadaye aliigiza Tarzan katika sinema.

Popote alipokwenda alibeba mchezo wa kwao. Kati ya 1914 na 1915 aliwaonyesha Waaustralia namna ya kusimama juu ya ubao. Mwaka 1917, huko Waikiki, alipanda wimbi moja lililombeba zaidi ya kilomita 1.

Tarehe 14 Juni 1925, kule Corona del Mar, California, mawimbi makali yaliipindua boti ya wavuvi iitwayo Thelma, yenye watu 17. Duke alichukua ubao wake, akapita katikati ya mawimbi, akaenda na kurudi zaidi ya mara moja. Aliokoa watu 8, wenzake wakaokoa 4. Watano walikufa. Baada ya siku hiyo, waokoaji wa fukwe za Marekani walianza kutumia mbao, kifaa ambacho wengi walikiona cha kuchezea tu.

Baadaye alichaguliwa sherifu wa Honolulu, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki tarehe 22 Januari 1968, akiwa na miaka 77. Majivu yake yalimwagwa baharini, mbele ya Waikiki.