James Augustus Grant (1827–1892): Mwanajeshi, Mwindaji na Mchoraji

Mwanafunzi, ukiulizwa kuhusu wapelelezi wa karne ya 19, huenda ukamtaja Speke na kumsahau mwenzake, Kapteni Grant. Alizaliwa Nairn, Uskoti, mwaka 1827. Mwaka 1846 alijiunga na jeshi la Waingereza nchini India, na mwaka 1857 alijeruhiwa vitani Lucknow.

Mwaka 1860 Grant na Speke waliondoka Bagamoyo kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walipomaliza Ugogo waliingia Mgunda Mkali, pori ambalo sehemu yake leo imo mkoani Singida, upande wa Manyoni na Itigi. Walipita Mdaburu na Jiwe la Mkoa. Ilikuwa Desemba: mvua kubwa, chakula haba, na wapagazi wengi walitoroka. Bunduki hapo haikuwa ya starehe tu, kwani nyama ya vifaru na wanyama wengine ndiyo iliyowalisha waliobaki.

Njiani Grant alikusanya mimea, akachora watu, vijiji na mandhari kwa rangi za maji. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na swala granti amepewa jina lake. Mwaka 1868 alirudi vitani, safari hii Uhabeshi. Alifariki mwaka 1892.

Zingatia mambo matatu:

1. Grant hakuwa mtawala. Mwaka 1860 ukoloni wa Wajerumani ulikuwa bado haujaanza. Hata hivyo, habari za wapelelezi ziliwasaidia wakoloni waliofuata.

2. Mchoro ni chanzo cha historia, lakini si kioo. Grant alichagua cha kuchora na cha kuacha. Tena, michoro iliyotumika vitabuni ilichorwa upya na mafundi wa Uingereza kabla ya kuchapwa.

3. Safari haikuwa ya watu wawili. Sidi Mubarak Bombay anakumbukwa kwa jina, lakini wapagazi wengi waliobeba mizigo hawatajwi. Jibu linalowasahau halijakamilika.

Swali la kujipima: Eleza faida mbili na upungufu mmoja wa michoro ya wapelelezi kama chanzo cha historia ya Tanzania.

Dokezo: Kabla ya kujibu, jiulize ni nani aliyeshika brashi, na ni nani aliyebeba sanduku la rangi.