William Mompesson, Kasisi wa Eyam

Ukitaka kumfahamu kasisi aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, anza na vitabu vya parokia yake. Sisi tuliowahi kukaa ofisini kwa paroko wakati wa likizo, tukitafuta jina la mzee anayehitaji cheti cha ubatizo, tunavijua vitabu hivyo. Ni vizito, vina vumbi, na kila paroko ameacha mwandiko wake. Nchini Uingereza vilianza kwa amri ya mwaka 1538, Mfalme Henry VIII akiwa amekwisha kujitenga na Roma. Kila parokia ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Upande wetu, Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko kuandika ndoa na ubatizo mwaka 1563. Kwa hiyo katika jambo hili waliojitenga walitutangulia kidogo, na si vibaya kukiri.

William Mompesson alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Alizaliwa karibu na mwaka 1639. Jina lake linaonekana katika orodha ya wanafunzi wa Chuo cha Peterhouse, Cambridge, na huko ndiko wanakoanzia wengi wanaofuatilia makasisi wa zama zile, kwa maana karibu wote walipita Cambridge au Oxford. Alimwoa Catherine Carr, binti wa familia ya wilaya ya Durham, wakapata watoto wawili, George na Elizabeth. Mwaka 1664 akateuliwa kuwa kasisi wa Eyam, kijiji cha wakulima na wachimba madini ya risasi katika milima ya Derbyshire. Aliyempendekeza ni Sir George Savile, bwana mwenye mashamba, kwani kwao haki ya kupendekeza kasisi mara nyingi ilikuwa mikononi mwa tajiri wa mahali.

Hakupokelewa kwa vigelegele. Kabla yake kijiji kilikuwa na mchungaji mwingine, Thomas Stanley, mtu wa msimamo mkali wa Kipuritani, ambaye watu walimpenda. Stanley alikataa kukubali Kitabu cha Sala kilicholazimishwa na sheria ya mwaka 1662, akapoteza nafasi yake ya kuhudumu kanisani, lakini hakuhama. Alikuwa bado anaishi pale pale. Fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu anapewa parokia ambayo waumini wake wanamsalimia mwingine kwanza.

Mwanzoni mwa Septemba 1665 kitabu cha maziko cha Eyam kinamtaja George Viccars. Alikuwa mshona nguo, mpangaji katika nyumba moja ya kijiji. Inasimuliwa kwamba robota la vitambaa lililetwa kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu. Vitambaa vilikuwa na unyevu, naye akavianika karibu na moto, na viroboto waliokuwamo wakaamka. Baada ya siku chache alikufa. Wakafuata watoto wa nyumba ile, kisha majirani. Wakati wa baridi vifo vilipungua na watu wakaanza kuvuta pumzi. Kiangazi cha 1666 kikawa kibaya kuliko yote yaliyotangulia.

Hapo Mompesson alitambua kwamba peke yake hataweza. Akaenda kwa Stanley. Sijui nani kati yetu angeweza kubisha mlango huo. Wawili hao walitofautiana kuhusu sala, maaskofu na sheria ya mfalme, lakini walikaa pamoja wakakubaliana juu ya mambo matatu. Kanisa lifungwe, na ibada zifanyike bondeni, mahali panapoitwa Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Wafu wasipelekwe tena makaburini kanisani, bali kila nyumba izike watu wake shambani au bustanini. Na la tatu, lililo gumu kuliko yote: mtu asitoke kijijini, ili tauni isifike miji ya jirani.

Watu walikubali. Chakula kililetwa na majirani, na bwana mkubwa wa Chatsworth naye alisaidia. Vitu viliachwa mpakani. Fedha za malipo ziliwekwa katika mashimo ya jiwe yaliyojazwa siki, au ndani ya maji ya chemchemi ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Mompesson.

Agosti 1666 kitabu kina majina zaidi ya sabini. Katika siku nane tu za mwezi huo Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita. Aliwaburuta na kuwafukia mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkaribia. Makaburi yao yapo bado, nje ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe.

Watoto wa Mompesson hawakuwapo. Kabla ya mpaka kufungwa aliwapeleka kwa jamaa huko Yorkshire. Wapo wanaomlaumu kwa hilo: aliwaokoa wa kwake, kisha akawaomba wengine wabaki na wa kwao. Lawama hiyo ina uzito, nami sitaki kuifunika kwa sababu tu nampenda. Alitaka Catherine naye aondoke. Catherine alikataa, akabaki akizunguka nyumba za wagonjwa pamoja na mumewe. Akafa tarehe 25 Agosti. Katika kitabu cha maziko, mke wa kasisi yumo katika mstari mmoja, kati ya majina ya wanakijiji wengine, bila nafasi ya pekee.

Sisi tunaojiandaa kwa useja tumezoea kusikia kwamba padre asiye na familia yuko huru kubaki na watu wake hata katika hatari. Naamini hivyo. Lakini huyu alikuwa na mke, akabaki, na mke akabaki naye.

Siku chache baada ya maziko hayo aliandika barua kwa Savile. Alidhani na yeye yuko njiani kufa. Aliomba watoto wake waangaliwe, na Eyam ipewe kasisi mnyenyekevu na mcha Mungu. Hakufa. Kifo cha mwisho kilitokea mapema Novemba. Baadaye mwezi huo aliandika tena, akihesabu familia 76 zilizopigwa na watu 259 waliokufa.

Kuna tahadhari kwa anayetaka kuchunguza mwenyewe. Kitabu cha Eyam kilichopo leo si kile alichoshika Mompesson. Ni nakala iliyoandikwa na kasisi wa baadaye, na anayenakili huweza kuruka au kukosea. Pia, kwa Waingereza wa wakati ule, mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo aliyezikwa Januari 1666 huandikwa 1665. Na hesabu ya wakazi? Kwa muda mrefu ilisemwa kijiji kilikuwa na watu 350, maana yake robo tatu walikufa. Watafiti walipounganisha ubatizo, ndoa na maziko, ukoo kwa ukoo, waliona wakazi walikuwa wengi zaidi ya hapo. Msiba unabaki msiba, lakini wapo pia walioishi, waliooa na kubatiza watoto tena, na vitabu vinawataja.

Mwaka 1669 alihamishiwa Eakring, Nottinghamshire. Inasimuliwa kuwa watu wa huko waliogopa kumkaribisha, wakidhani bado ana tauni mwilini, ikabidi akae kwanza katika kibanda katika msitu wa Rufford na kuhubiri chini ya mti. Hofu ilipopoa wakamwingiza kanisani. Thomas Stanley alifariki mwaka 1670, Eyam kwake, bila kurudishiwa parokia. Mompesson alioa tena, akapewa cheo katika kanisa kuu la Southwell, akahudumu Eakring hadi alipofariki mwaka 1709. Miaka arobaini, na watu wachache wanaikumbuka. Kitabu cha Eakring nacho kina ubatizo na ndoa za watu wake, kazi ya kila siku ya paroko yeyote.

Yeye amezikwa Eakring. Catherine amebaki Eyam, katika kaburi la mawe uani mwa kanisa. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, waumini huweka shada la maua juu ya kaburi hilo, kisha hutembea kwenda bondeni, pale mumewe aliposimama kuhubiri.