Sayyidna Ali na Upanga wa Dhulfiqar

Upanga wa Sayyidna Ali (r.a.), Dhulfiqar, wanahistoria wanasema ulikuwa ngawira ya Badr, Ramadhan ya mwaka wa 2 Hijria. Kwenye picha huchorwa na ncha mbili. Watunzi wa pwani nao hawakumsahau mwenyewe: katika Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, Ali yumo vitani. Lakini hakufia vitani. Ibn Muljam alimpiga kwa upanga wenye sumu msikitini Kufa, Ramadhan ya mwaka 40 Hijria (661). Akiwa majeruhi aliwausia wanawe wasimtese muuaji. Akifa, basi alipwe pigo moja tu. Jamani, sisi tukifunga, hasira tunaifunga?