Az-Zahrawi: Tabibu wa Qurtuba aliyefundisha kutibu taya na uso

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miongoni mwa neema ambazo mwanadamu hazikumbuki mpaka zimtoke ni neema ya kufumbua na kufumba kinywa. Kwa taya tunatafuna riziki, tunasoma Qur-ani na tunatoleana salamu. Kiungo chake ni kidogo, kimekaa mbele ya sikio. Mtu akiweka kidole hapo kisha akafumbua kinywa, atakihisi kikicheza. Siku kiungo hicho kinapoteguka, hata kwa kupiga mwayo tu, mtu hubaki kinywa wazi, mate yanamtiririka na maneno hayatamkiki. Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha ya tabibu Mwislamu ambaye, yapata miaka elfu moja iliyopita, aliandika hatua kwa hatua namna ya kumtibu mtu huyo. Naye ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye watu wa Ulaya walimwita Abulcasis.

Kuzaliwa na mji wake

Az-Zahrawi alizaliwa Andalusi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Hispania. Mwaka unaotajwa zaidi wa kuzaliwa kwake ni 936 hivi, na nasaba yake hunasibishwa na Ansari wa Madina. Jina lake limetokana na Madinatuz-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, kilomita chache magharibi ya Qurtuba, mji ambao Wahispania wanauita Córdoba. Magofu ya mji huo yapo hadi leo, na mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Qurtuba ya zama hizo ilikuwa mji wa misikiti, maktaba na wanavyuoni. Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, alisifika kwa kukusanya vitabu, na Az-Zahrawi anatajwa kuwa miongoni mwa matabibu wa utawala huo. Habari za maisha yake binafsi zilizoandikwa ni chache. Mwanachuoni Ibn Hazm, aliyezaliwa Qurtuba mwaka 994, alikisifu kitabu chake kuwa miongoni mwa vitabu vilivyokamilika zaidi katika tiba, na mwanafunzi wake Al-Humaidi akamtaja tabibu huyu katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Andalusi. Zaidi ya hapo, tunamjua Az-Zahrawi kupitia kalamu yake mwenyewe.

Kitabu cha At-Tasrif

Kazi yake kubwa inaitwa At-Tasrif, aliyoikamilisha karibu na mwaka 1000, baada ya kutibu watu kwa takriban miaka hamsini. Ina sehemu 30, zinazozungumzia maradhi, dawa na vyakula. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyompatia umaarufu, kwa kuwa yote ni ya upasuaji. Aliigawa katika milango mitatu: wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua na kushona, na wa tatu ni wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Humo alichora vyombo vya kazi vipatavyo 200, ili mwanafunzi aliye mbali aweze kumpelekea mhunzi mchoro na kutengenezewa chombo kile kile.

Katika mlango wa tatu ndimo tunamokuta taya. Az-Zahrawi alieleza kwamba kuteguka kwa taya ni kwa namna mbili. Ikiwa limesogea kidogo, mara nyingi hurudi lenyewe. Ikiwa limetoka kabisa, alihimiza lirudishwe haraka, kwa sababu kuchelewa kunaleta homa na maumivu makali, na kazi ya kulirudisha inakuwa ngumu zaidi. Msaidizi amshike mgonjwa kichwa. Tabibu aingize kidole gumba kinywani mpaka kwenye shina la taya, na kama limeteguka pande zote mbili aingize vidole gumba vyote viwili, huku vidole vingine vikilishika kwa nje. Mgonjwa aambiwe alegeze taya wala asishindane na mkono, na tabibu aliongoze mpaka liingie mahali pake. Likikataa, eneo likandwe kwa maji ya moto na mafuta mpaka lilainike, kisha ajaribu tena.

Wala hakumwacha mgonjwa hapo. Aliagiza taya lifungwe kwa kitambaa bila kukazwa mno, mgonjwa alale chali na kichwa chake kitulizwe kwa mito kila upande, asitafune kitu, alishwe vyakula laini, na hata baada ya kupona ajizuie kufumbua kinywa kupita kiasi anapokula au kupiga mwayo. Kwa haki ya elimu tuseme pia kwamba asili ya njia hii inapatikana kwa Wayunani, kwa Hippocrates na kwa Paulo wa Aegina. Az-Zahrawi aliipokea, akaitenda kwa mikono yake, kisha akaipanga na kuifafanua kwa wanafunzi wake, ambao alizoea kuwaita wanawe.

Meno, ufizi na uso

Kwa taya lililovunjika alifundisha kulinganisha mfupa kwanza, kisha kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, wa fedha au wa hariri, ili meno yawe kama gango la taya lenyewe. Kwa meno yaliyolegea aliichagua dhahabu, akitoa sababu kwamba fedha hubadilika rangi kinywani baada ya siku chache, na dhahabu haibadiliki. Alitaja pia kuchonga mfupa wa ng'ombe kwa umbo la jino na kuuweka mahali pa jino lililotoka. Alichora vyuma vya kukwangua uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, akijua kuwa uchafu huo unaharibu ufizi. Aliandika pia juu ya vinyama vya ufizi na vya puani, uvimbe chini ya ulimi, na majeraha ya uso na shingo. Miongoni mwa visa vyake ni cha kijakazi aliyejikata koo kwa kisu, hewa ikawa inatoka katika jeraha. Az-Zahrawi alilishona jeraha hilo, naye akapona na kubaki na ukwaruzo wa sauti tu.

Yapo pia katika kitabu chake mambo ambayo tiba imeyaacha. Kwa uso uliopinda, maradhi yanayoitwa laqwa kwa Kiarabu, alifundisha kuchoma kwa chuma cha moto sehemu maalumu za uso, ingawa alikataza jambo hilo kwa aina nyingine za ugonjwa huo huo. Leo hatuchomi. Uso ukipinda ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huenda ni kiharusi, na hata ikiwa ni mshipa wa fahamu wa uso pekee, dawa hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Alichokiogopa Az-Zahrawi

Ndugu zangu, ukikisoma kitabu hiki utaona kwamba jambo lililomhuzunisha zaidi mwandishi wake ni ujinga unaovaa nguo ya utabibu. Katika utangulizi wa sehemu ya upasuaji alilalamika kwamba elimu hiyo karibu imetoweka katika nchi yake, akasisitiza kwamba asiyejua maumbile ya mwili hana haki ya kushika kisu. Akatoa mifano aliyoijua: tabibu aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa mbele yake, na mwingine aliyemtoa mzee jiwe la kibofu likatoka na kipande cha kibofu chenyewe, mzee akafariki siku chache baadaye.

Kuhusu kinywa aliwalaumu vinyozi wa zama zake waliong'oa meno kwa pupa. Walivunja jino na kuacha mizizi ndani, au walilitoa pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Aliwahadharisha wanafunzi kwamba maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima na likang'olewa, na jino bovu likabaki. Kwa hiyo aliamuru uchunguzi kabla ya koleo.

Onyo hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda ipo imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Hupelekwa kwa mtu asiye na elimu ya tiba, naye huupasua ufizi kwa kisu, wembe au chombo chenye ncha, akatoa vitu vyeupe na kuwaonyesha wazazi. Vitu hivyo ni meno ya mtoto yenyewe, ambayo bado hayajachomoza. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, nayo inaachwa bila tiba. Mtoto huvuja damu, jeraha huingiwa na vijidudu, na wapo waliopoteza maisha. Anayenusurika huenda akaota meno yenye kasoro, au asiyaote kabisa.

Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yamelitolea jambo hili hukumu iliyo wazi: anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, madhara anayoyasababisha yako juu yake, naye ni mdhamini. Nasi wazazi tuna sehemu yetu katika amana hiyo, kwani sisi ndio tunaomkabidhi mtoto.

Athari yake mpaka leo

Az-Zahrawi anatajwa kufariki mwaka 1013 hivi. Karibu na wakati huo Madinatuz-Zahra iliharibiwa katika fitna iliyouangusha ukhalifa wa Qurtuba. Kitabu chake kiliusalimika moto huo. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo. Katika karne ya 14 mpasuaji wa Ufaransa Guy de Chauliac aliitegemea sana, na mwaka 1465 tabibu wa dola ya Uthmaniya, Sharafuddin Sabuncuoğlu, aliandika kwa Kituruki kitabu kilichosimama juu yake. Ilichapwa Venice mwaka 1497, na mwaka 1778 ikachapwa Oxford kwa Kiarabu na Kilatini.

Leo wapo madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Wana ganzi, picha za eksirei na vibati vya titani vya kuungia mfupa, mambo ambayo Az-Zahrawi hakuyaona. Hata hivyo, mgonjwa aliyeteguka taya bado hurudishiwa kwa vidole gumba kinywani, vikikandamiza chini kisha kusukuma nyuma, na meno ya taya lililovunjika bado hufungwa kwa waya. Wengi wenye maumivu ya kiungo cha taya hupata nafuu kwa kupumzisha taya, kula vyakula laini, dawa na mazoezi, na kisu huwekwa nyuma ya hayo yote.

Basi tumfundishe kijana wetu anayesoma sayansi kwamba njia hii ilipitwa na waliomtangulia katika dini yake. Na tumwambie mama mwenye mtoto anayelia kwa homa kwamba njia ya kwanza ni ya kituo cha afya, si ya mwenye wembe.

Wabillahi tawfiq.