Maria Montessori: Daktari aliyewafundisha watoto kutambua herufi kwa vidole

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam au Nairobi, si ajabu kukuta bango la shule ya chekechea lenye neno Montessori. Wazazi wengi hudhani hiyo ni aina ya shule tu. Kumbe ni jina la mtu: daktari wa Kitaliano aliyeanza kazi yake na watoto ambao hakuna aliyewataka.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, enzi ambazo madaktari wanawake nchini humo walikuwa wa kuhesabika. Somo la kupasua maiti ilibidi alifanye peke yake, wenzake wakishaondoka, maana ilionekana aibu mwanamke kusimama na wanaume mbele ya mwili ulio uchi.

Watoto walioonekana hawafundishiki

Kazi ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili waliofungiwa hospitali pamoja na watu wazima. Hawakuwa na kitu cha kushika wala kuchezea.

Akasoma maandiko ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliokuwa wakifundisha watoto kupitia kugusa, kuona na kusikia. Akatengeneza vifaa vyake, akakaa na watoto hao kutwa nzima. Baadhi yao walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na wanafunzi wa kawaida, wakafaulu.

Watu walishangilia. Yeye akajiuliza kitu kingine kabisa: kama hawa wamefika hapa, basi wale wenye afya wanakwamishwa na nini?

Siri ya nyumbani

Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario. Baba yake alikuwa daktari mwenzake na hawakufunga ndoa. Kwa maadili ya wakati ule, habari hiyo ingeua kazi yake. Mtoto akapelekwa kulelewa na familia nyingine shambani, mama akawa anaenda kumtembelea tu.

Yaani mwanamke aliyekuwa akiwasoma watoto wa wenzake kila siku, wa kwake alikua mbali naye. Mario alirudi kuishi naye akiwa kijana, mwaka 1913.

Chumba cha San Lorenzo

Januari 6, 1907 alifungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikuwa vibaruani, watoto wakibaki peke yao na kuchafua kuta za majengo. Wenye majengo walitaka tu mtu wa kuwashika.

Aliwapa vitu vya kutambua kwa mikono: mitungi midogo ya mbao ya kuingiza kila mmoja kwenye tundu lake, na vibao vya rangi vya kulinganisha. Mtoto akikosea, mtungi haungii au unabaki mmoja. Anajiona mwenyewe, bila kugombezwa.

Majina yalifundishwa kwa hatua tatu alizozichukua kwa Séguin. Kwanza mtoto anaonyeshwa rangi na kuambiwa jina lake. Pili anaombwa aichague kati ya nyingine. Mwisho ndipo anaulizwa inaitwaje. Akishindwa, somo linaahirishwa.

Herufi nazo alizikata kwenye karatasi ya msasa, kwa sababu zile nzuri za mbao zilikuwa ghali. Watoto wakazipapasa kwa kidole huku wakitamka sauti yake.

Siku moja ya Desemba 1907, mtoto wa miaka mitano aliombwa achore bomba la moshi kwa chaki. Alipomaliza, akapiga kelele kwamba anajua kuandika. Akainama sakafuni na kuandika neno la Kitaliano lenye maana ya mkono. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuandika neno zima.

Vita na mwisho wake

Habari zikaenea duniani. Mussolini alimuunga mkono mwanzoni, lakini wakakosana, na shule zake Italia zikafungwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa India, ambako alifundisha walimu hadi 1946. Mario alikuwa msaidizi wake mkubwa. Mei 6, 1952 alifariki Uholanzi akiwa na miaka 81.

Leo shule nyingi zenye jina lake ni za kulipia. Lakini njia hii ilianzia kwa watoto wa vibarua, kwa msasa na mbao. Mzazi mwenye sinia la mchanga anaweza kuanza leo: herufi moja, kidole cha mtoto, na sauti yake. Swali la inaitwaje lisubiri kidogo.